Nyati na Viatu vya Mwanzi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanaoa na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na bwawa juu kabisa ya mlima, kule ambako baridi huuma mpaka kivuli kinajikunyata. Msibishe, watoto. Aliyebisha alipanda kwenda kuangalia, akarudi hana nusu ya sikio.

Kila kipupwe bwawa hilo liliganda, likawa barafu tupu, nyeupe kama sahani. Kwato zilizoweza kuivunja zilikuwa za Nyati peke yake. Asubuhi alitoka nyumbani kwake pale ukingoni, akapiga kha, kha, kha, mpaka akatoboa tundu mbele ya mlango. Akanywa yeye, akanywa mkewe Bi Mwanaheri, kisha akajilaza juu ya tundu mchana kutwa kama kifuniko cha mtungi. Wanyama wadogo wakija na vibuyu vyao aliwaambia maji yale ni ya mlangoni kwake. Wakarudi kulamba umande ulioganda kwenye mawe, hadi watoto wao wakapasuka ndimi.

Siku moja akiwa amelala hapo akasikia chwaaa. Akainua kichwa. Pimbi, kile kijinyama kisichozidi mto wa kulalia, kilikuwa kinateleza katikati ya bwawa. Kimefunga vipande vya mwanzi chini ya nyayo, vimepakwa nta, na mikono kimeifunga nyuma kama mzee anayekagua shamba lake. Kikazunguka kwa mguu mmoja, chwaaa, kikarudi kilikotoka.

Hilo Nyati angelimeza. Kilichomchoma ni kwamba Bi Mwanaheri aliacha kucheua.

"Huyu ana miguu," akasema mkewe.

Nyati akamkumbusha kwamba na yeye anayo, tena minne. Bi Mwanaheri akajibu bila kugeuka kwamba ya mumewe anaijua: ikipita jikoni, vyungu vinaanguka.

Kesho yake Pimbi akaja tena, na kesho kutwa. Bi Mwanaheri naye akawa anawahi kukaa ukingoni na kanga mpya, ile ambayo Nyati hakuwa ameiona tangu harusi ya shemeji yake. Nyasi zikamwia chungu Nyati. Usingizi ukamhama. Akijitazama kwenye barafu aliona pembe, akaona kitambi, akakumbuka kile kipande cha mnyama kikizunguka kwa mguu mmoja.

Mwisho akamvizia Pimbi nyuma ya jiwe, mkewe asipowasikia.

"Bwana mdogo, nifundishe."

"Mzee wangu, kazi hii huanzwa utotoni. Samaki mkunje angali mbichi."

"Nimesema nifundishe. Sikusema unihesabie miaka."

Pimbi akajikuna tumbo, akakubali. Nyati akauliza kilemba cha mwalimu, ule ujira wa kufundisha, kitakuwa nini, maana hata mwenye wivu ana adabu zake. Pimbi akasema kilemba chake hakidaiwi. Mwanafunzi akihitimu atakitoa mwenyewe. Sharti lake ni moja tu.

"Ukingoni teleza utakavyo. Lakini pale katikati usifike, mzee. Pale ni pangu."

Nyati akaitika. Lakini neno lile "pangu" likaingia kifuani, likatandika mkeka.

Pimbi akamchongea vipande vinne vya mwanzi mnene kuliko yote msituni, akamfunga kwa kamba za magome. Nyati akasimama. Miguu ya mbele ikaelekea kwao, ya nyuma ikaelekea ukweni, pu! Akainuka, akashika njia, pu! Kila alipokazana kunyoosha miguu, barafu ilimnyoosha yeye. Bi Mwanaheri, aliyeachiwa kulinda tundu, alijiziba mdomo kwa kanga, lakini mabega yalikuwa yanamcheza.

"Kunja magoti," Pimbi alimwambia. "Na usitazame miguu, haitakukimbia. Tazama unakokwenda."

Akampa gogo la kusukuma mbele yake, kama mtoto anayejifunza kutembea kwa kushika kigoda. Mtu mzima yule, mwenye mji wake, akasukuma gogo huku na huku, makalio yamevimba, mdomo umefungwa. Jioni mkewe alimkanda kwa maji ya moto, na huku anamkanda akawa anasifu jinsi Pimbi anavyogeuka. Bora angemkanda kwa upupu.

Hata asubuhi moja gogo likabaki nyuma. Nyati mwenyewe hakujua, alijikuta tu anakwenda. Chwaaa! Upepo ukapita masikioni, mlima ukasogea pembeni kumpisha, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akajiona mwepesi.

Akatupa jicho ukingoni. Mkewe alikuwa amesimama. Na juu ya mawe wamejipanga wadogo wote, panya, kware, paa na watoto wao, kila mmoja na kibuyu.

"Wale wamefuata nini?" akamuuliza Pimbi.

"Wewe, mzee. Habari zako zimeenea."

"Na vibuyu?"

"Shangwe bila ngoma itanoga?"

Nyati akatuna. Ndipo Pimbi akampita, chwaaa, akaenda katikati, akazunguka kwa mguu mmoja. Bi Mwanaheri akapiga kigelegele.

Kwisha. Nyati hakusikia tena sharti wala mwalimu. Akakunja magoti, akatazama anakokwenda, akajitupa katikati. Pimbi akampisha kwa heshima zote. Na wallahi alizunguka vizuri, pembe zinang'aa, mguu mmoja hewani, macho kwa mkewe.

Kraa.

Pale katikati ndipo chemchemi inapotokea, na barafu yake ni nyembamba kama ukoko wa uji. Chubwi! Nyati akazama hadi kifuani, akapapatika, na kila alipopapatika akavunja zaidi, hadi likafunguka dimbwi pana kama uwanja wa ngoma, lisilolalika na mtu. Wadogo wakateremka na vibuyu vyao, wakachota, wakanywa, wakawaosha watoto ndimi.

"Kilemba nimekipokea, mzee," Pimbi akasema, akajaza kibuyu chake.

Nyati akajikokota hadi nyumbani, ndevu zinadondosha maji, hana habari na dimbwi wala kilemba.

"Lakini umeniona?" akamuuliza mkewe.

"Nimekuona. Umeteleza vizuri, mume wangu." Bi Mwanaheri akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Ila Pimbi hakuzama."

Usiku barafu ikaganda upya. Alfajiri, kabla kware hajalia, Nyati alikuwa mlangoni kwa Pimbi na viatu vyake vya mwanzi shingoni, anabisha hodi. Na juu ya mawe, vibuyu vilikwisha kujipanga.

Mwenye wivu hatumwi maji: mwonyeshe cha jirani, atakuchotea mwenyewe.