Kisiwa Kilichofagiwa

Paukwa!

Pakawa!

Itikeni kwa sauti, maana hii ni ya bibi yetu sisi, si ya watu wengine.

Hapo kale, siku ya Jumatano, sisemi Jumanne, nasema Jumatano, adhuhuri, kivuli cha mtu kikiwa chini ya nyayo zake, Bi Mwanaidi alishuka kwenye ngalawa, akakanyaga kisiwa cha buabua. Akaruka kwa mguu mmoja. Mchanga ulikuwa moto.

Buabua ni wale ndege weupe wa baharini. Kila mwaka walikuja kutaga kwenye kisiwa kidogo kilichotazamana na kijiji. Wavuvi waliwategemea: ndege walipozunguka juu, samaki walikuwa chini. Buabua wakihama, kijiji kitalala njaa.

Na kijiji kile kilisifika kwa usafi. Mwaka huo, kabla ndege hawajaja, Sheha Vuai, mkuu wa kijiji, alisema: "Hatuwezi kupokea wageni kwenye takataka." Watu wakaenda na fagio za chelewa. Faa, faa, faa. Wakatupa vipande vya matumbawe. Wakatupa mwani mkavu. Wakang'oa vichaka. Kisiwa kikang'aa.

Ndege wakaja, wakataga juu ya mchanga mtupu.

Sasa Bi Mwanaidi akawaona. Hawakuwa wameatamia. Walisimama juu ya mayai, midomo wazi, mabawa yamening'inia, wakiyatilia kivuli. Mmoja akishindwa na joto, pruu, anakwenda kulowesha tumbo baharini. Nyuma yake yai linaungua, na kunguru anashuka.

Bibi akarudi kijijini.

"Mayai yanaiva, Sheha. Warudishieni takataka zao."

"Bibi, tangu lini umekuwa ndege?"

"Tangu leo. Nawe njoo uwe ndege kidogo."

Wakavuka. Akamwonyesha mchanga uliofagiwa.

"Kaa hapo, baba, mpaka yule aliyekwenda kulowesha tumbo arudi."

Sheha akakunja kikoi, akakaa. Tsss. Akainuka kabla makalio hayajatulia.

"Mbona unahama, mgeni wetu? Hapakupendezi?"

Wapiga makasia waliowavusha wakashika mbavu kwa kicheko. Sheha naye akacheka, huku akijipangusa.

"Haya, bibi. Tufanye nini?"

"Tungoje alasiri. Tukiwarusha sasa, mayai yote yataungua. Jua likipoa, nitakuja na mwanamke mmoja tu, pekupeku. Kila yai tulizungushie matumbawe na mwani lisiviringike, tuliinamishie tawi lipate kivuli. Wala hatuligusi."

Wakafanya hivyo. Taratibu, yai baada ya yai, ndege wakiwapigia kelele: kriii, kriii. Walipoondoka, ndege mmoja akatua. Akatazama tawi. Akakaa. Akafunga mdomo. Kisha wa pili, kisha wote.

Mayai mengine yalikuwa yameshaharibika, siwafichi. Lakini mengi yalianguliwa, na buabua hawakuhama. Ndiyo maana nasema: ukitaka kumkirimu mtu, tazama kwanza yeye mwenyewe anavyokaa kwake.

Na Alhamisi asubuhi Bi Mwanaidi alivuka tena, akasimama mbali, akaona kinda wa kwanza, bado ana majimaji ya yai, anatetemeka chini ya tumbo la mama yake. Akarudi. Akapita moja kwa moja hadi barazani kwa wanaume, akakaa palepale anapokaa Sheha. Sheha akasogea, akamtilia kahawa.

Hadithi naitua hapo, bibi yetu akiwa amekaa.