Karatasi ya Mfano wa Gari

Lipo swali moja ambalo wapokezi wa kisa hiki wameliacha kama walivyolikuta: mfano wa gari ulianza Uyunani au India?

Imepokewa kwamba palikuwa na mnakili wa vitabu mjini Basra, mcha Mungu, jina lake Maysara bin Dhakwan, Mola amrehemu. Ujanani alikaa na walimu wawili: Thawma, aliyemfasiria hekima ya Wayunani, na Devaka wa Sindi, aliyemfasiria ya Wahindi. Siku moja Thawma alieleza kwamba mwili ni gari, matamanio ni farasi, na akili ndiyo mshika hatamu. Devaka akaangua kicheko.

"Ewe Thawma, farasi hao umewaiba zizini kwetu!"

"Babu zako ndio waliosahau kuwarudisha, mzee wangu," akajibu Thawma, akimsogezea tende.

Maysara alikuwa akiandika vitabu viwili, kimoja cha hekima ya Wayunani na kimoja cha Wahindi; akaandika mfano kama alivyousimulia kila mmoja wao, na kwa desturi yake, kila mfano ukapata karatasi yake.

Miaka ikapita. Walimu wakafariki, macho ya Maysara yakafifia, na baraza iliyozoea vicheko ikanyamaza. Mkuu wa hazina ya vitabu alipokuja kuvichukua vitabu vyote viwili, kila kimoja kilikutwa kimepungukiwa na karatasi ya gari. Lubaba, binti wa Maysara, akapekua nyumba nzima, akapata moja tu, chini ya sanduku. Haikuwa na jina la mwalimu, wala maneno yake hayakuonyesha ni ya nani.

"Andika ni ya Thawma," akasema mkuu. "Wahindi waliuchukua mfano huu kwa Wayunani. Ukisema hujui, sivipokei, na kazi ya umri wako italiwa na mchwa. Nani atakusuta?"

Maysara aliipapasa karatasi kwa muda mrefu. Laiti angemsikia mmoja wao akicheka tena, mara moja tu.

"Atanisuta Aliyenipa masikio," akasema. "Niliwasikia wote wawili, Sheikh wangu. Nani alimtangulia mwenzake, sijui."

Mkuu akaenda zake mikono mitupu. Ndugu zangu, neno "sijui" ni jepesi kwa asiye na cha kupoteza. Mzee huyu alilitamka huku kazi ya maisha yake ikiwa magotini.

"Baba, tumpe nani?" akauliza Lubaba.

"Wape wote, mwanangu. Walikuwa wakila sahani moja."

Basi Lubaba ndiye aliyeinakili karatasi ile mara mbili, akashona moja katika kila kitabu, na chini yake akaandika: "Baba alisikia kwa wote wawili. Mwanzo wake anaujua Mwenyezi Mungu."