Pengo la Mbayuwayu

Paukwa!

Pakawa!

Ndege yuko wapi?

Ubaoni!

Ametulia?

Hatulii!

Basi, hapo kale, katika nchi ya Japani (msiniulize njia, mimi hata sokoni kwetu hupotea) waliishi Otatsu na mumewe Genzo. Kazi yao ilikuwa kupiga chapa picha za ndege.

Genzo alichonga mbao, kila rangi na ubao wake. Pembeni mwa kila ubao alikata pengo dogo la kushika karatasi, ili rangi iangukie ndani ya mstari. Otatsu alilaza karatasi, akaisugua kwa kibonge cha majani ya mwanzi. Miaka thelathini, rangi yake haikutoka nje ya mstari hata unywele. Alijivunia hilo kuliko uso wake, na uso wake haukuwa haba.

Siku moja likaja Zimwi na mbao tatu tupu za mti wa mlimani, mti wa uchawi.

"Nichapieni korongo wa mtoni! Mkikataa, nitawameza nyinyi."

Genzo akachonga. Ubao wa kwanza, mistari: sugua, sugua, sugua. Ubao wa pili, buluu: sugua, sugua, sugua. Ubao wa tatu, nyekundu: sugua, sugua, sugua. Loo! Kule mtoni korongo akatoweka. Yumo karatasini, anapepesa macho!

Zimwi likaikunja karatasi kama chapati, likameza.

"Hata unyoya haunikwami! Kazi safi, mama."

Siku ya pili likaleta mbao nyingine, likataka bata. Sugua, sugua, sugua. Bata akaliwa.

"Kesho mbayuwayu," likasema, likitupa mbao nyingine tatu. "Yule wa upenuni kwenu."

Upenuni mlikuwa na makinda manne, hata macho hayajafumbuka. Mama yao alikuwa akiingia na kutoka, akiingia na kutoka. Otatsu naye akaingia na kutoka, akaingia na kutoka.

"Keti, mke wangu, unanizungusha kichwa," Genzo alisema, patasi mkononi.

"Nikiketi, wale watoto watakufa njaa. Bwana, ubao wa nyekundu ukatie mapengo mawili. Moja mahali pake. La pili lipotoke, upana wa kidole."

"Lipotoke? Mafundi wenzangu watanicheka!"

"Wakucheke. Mimi je, wa miaka thelathini?"

Genzo akakuna kichwa. Akakata.

Basi, Zimwi likaja, likakodoa macho. Ubao wa kwanza, sugua. Ubao wa pili, sugua. Kwenye wa tatu mkono wa Otatsu ukaenda pengo sahihi wenyewe, kama punda ajuaye kwao. Akaurudisha kwa nguvu hadi pengo lililopotoka. Sugua, sugua, sugua.

Nyekundu ya kooni ikaanguka nje. Baina ya mstari na rangi pakabaki uwazi mweupe. Mbayuwayu akaingia karatasini, akauona ule uwazi, prrr! Akatoka.

"Umeharibu kazi, bibi kizee!" Zimwi likanguruma. "Amepitia wapi?"

"Hapo, mzee. Chungulia mwenyewe."

Likatia kidole. Likatia mkono. Likatia kichwa, na tumbo likafuata. Otatsu akaivuta karatasi hadi pengo sahihi. Sugua, sugua, sugua! Uwazi ukazibika. Zimwi likabaki karatasini, kinywa wazi.

Kwenye kile kinywa akatoka korongo, kisha bata, wamelowa na wamekasirika. Zimwi lenyewe halikuweza. Nani amewahi kutokea kinywani mwake mwenyewe?

Wakaitundika picha jikoni, juu ya moshi.

Tangu siku hiyo, kila picha ya Otatsu ilikuwa na rangi iliyotoka nje kidogo. Wanunuzi walisema, "Mama, mkono umezeeka."

"Umezeeka kweli, mwanangu," alijibu, akitazama upenuni. Makinda manne yalikuwa yakijaribu mabawa.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa karatasi. Aliye nayo nyingine aisugue. Na funzo lake ni hili: fundi hasa ni yule anayejua pia siku ya kuharibu kazi yake.