Nyuzi za Fisi Ngurumo

Paukwa!

— Pakawa!

Gitaa?

— La jalalani!

Nyuzi?

— Za tumboni!

Sifa?

— Za mwenye meno!

Haya, nyie mlioitika kwa kelele hivyo ndio nyie mnaopigia makofi msichokijua. Kaeni chini. Leo nina neno nanyi.

Hapo kale, lakini si kale sana maana magitaa yalikuwapo, binadamu mmoja alitupa gitaa lake jalalani. Shingo imepinda, nyuzi hazimo. Buibui akaliona, akasema, "Nyumba ndiyo hii." Akaingia kwa lile tundu la katikati, akataga mayai yake, akayafunga katika kifuko cheupe, akakitundika ndani. Na kwa kuwa hakuna mama asiyebembeleza, akatoa uzi tumboni mwake, akauvuta kutoka juu hadi chini. Akatoa wa pili. Akatoa hadi wa sita. Akazishika nyuzi kwa miguu yake yote minane, akapiga.

Ting'iri-ting'iri-ting'! Ting'iri-ting'iri-ng'waaa!

Jamani, miguu minane! Wewe una vidole kumi vya mikononi na bado unaangusha kijiko. Nzi wa jalala waliacha kula. Nzi!

Fisi alikuwa akipita kutafuta mifupa. Akasikia. Akachungulia tunduni kwa jicho moja.

"Nani humo?"

"Mimi Buibui, bwana mkubwa. Nabembeleza wanangu."

Fisi akacheka, na mnajua kicheko cha fisi hakina furaha ndani. "Sikiliza, we kidudu. Wewe miguu unayo, sura huna. Mimi sura ninayo. Basi wewe utapiga humo ndani, mimi nitasimama huku nje. Ukitoroka, hicho kifuko cheupe nakitafuna kama njugu."

Buibui akatazama mayai yake. Akasema, "Nitapiga, bwana mkubwa."

Basi hapo ndipo alipozaliwa Fisi Ngurumo, Mfalme wa Nyuzi. Akavaa koti la ngozi. Aliyeuliza ni ngozi ya nani, yeye ndiye aliyegeuzwa mikono ya koti. Akapanda jukwaani, akatanua miguu, akafumba macho, akakunja uso kama aliyekalia siafu. Akalipeleka gitaa kisogoni. Akalipiga kwa meno! Watu wakazimia. Na kule ndani Buibui anapinduliwa, kichwa chini miguu juu, miguu miwili imekumbatia kifuko, sita inapiga. Ting'iri-ting'iri-ng'waaa!

Kasuku ndiye aliyekuwa mtangazaji wa pori zima. Yeye husikia mara moja, husema mara tatu. "Fisi Ngurumo! Fisi Ngurumo! Fisi Ngurumo!"

Kiingilio kilikuwa paja. Ndiyo, paja, la nyama. Asiye na paja la kuleta aliingia na lake, na wakati wa kutoka alitoka akichechemea. Mama Ngiri alichechemea mara mbili, na mara ya tatu akaja akikokotwa na shoga zake, tena akakaa mbele. "Mwacheni ale," alisema. "Kipaji kile kinahitaji nguvu."

Siku moja Buibui akasema kwa unyonge, "Bwana mkubwa, nami nitajwe. Mara moja tu."

Fisi akaingiza ukucha tunduni. Kwachu! Mguu mmoja chini. Ikabaki saba.

Siku nyingine akasema, "Bwana mkubwa, nipumzike. Tumbo limekauka."

Kwachu! Ikabaki sita.

Siku nyingine hakusema kitu, alikosea tu sauti moja. Kwachu! Ikabaki mitano.

Na unajua pori lilisemaje? Kasuku alipaa juu ya miti akipiga kelele: "Mmesikia? Siku hizi Mfalme anapiga polepole! Anaacha nafasi kati ya sauti na sauti! Huo ndio ukomavu! Ukomavu! Ukomavu!"

Buibui alilala ndani ya gitaa akihesabu. Mitano. Kifuko kilikuwa kimeanza kutikisika, wana wako karibu kutoka. Na Fisi alikuwa na mazoea ya kutafuna kitu chochote kinachotikisika.

Likakaribia tamasha kubwa la mavuno. Asubuhi ya siku hiyo Fisi akainamia tundu, jasho linamtoka.

"We kidudu. Leo Kasuku ataniuliza mbele ya watu wote nyuzi zangu nazitoa wapi. Nimjibuje?"

Buibui akakisogeza kifuko nyuma yake. Kisha akasema, "Mwambie ukweli, bwana mkubwa. Uzi mtamu hutoka tumboni mwa mpigaji mwenyewe."

"Ni kweli hiyo?"

"Tazama." Akatoa uzi mmoja tumboni mwake, mrefu, unang'aa.

Fisi akaurudia ule msemo mara kumi huku akijitazama dimbwini. Ukampendeza. Ulimkaa vizuri kama koti.

Alasiri pori lote likafika, linachechemea. Kasuku akauliza. Fisi akafumba macho, akaweka mkono kifuani. "Nazitoa tumboni mwangu mwenyewe."

Uwiii! Watu walilia. Mama Ngiri alijigaragaza.

Fisi akatanua miguu, akaanza mapozi yake. Na Buibui, kule ndani, akaweka taya kwenye uzi wa kwanza, akaukata. Pwii! Akakata wa pili. Pwii! Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Kimya.

Fisi akainama kama anayelibusu gitaa, akanong'ona, "Toa nyuzi!"

"Sina, bwana mkubwa. Tumbo limekauka, nilikwambia."

Ukucha ukaingia. Kwachu! Ikabaki minne. "Toa!"

"Umeshasema ziko wapi," akajibu Buibui. "Wanasubiri."

Walikuwa wanasubiri kweli. "Toa wa tumboni, Mfalme!" sauti moja ikaita. Zikawa kumi, zikawa pori zima. "Toa! Toa! Toa!"

Hapo Fisi angeweza kusema, "Jamani, si mimi, ni Buibui." Maneno matano tu, akaenda zake nyumbani mzima. Buibui alisikia pumzi yake ikienda na kurudi juu ya tundu, akangoja jina lake. Halikuja. Fisi alitazama zile nyuso zote zinazompenda, akasema, "Leo... leo tumbo linauma."

Mama Ngiri akajikokota mpaka jukwaani. "Sisi tumekupa mapaja, Mfalme. Wewe utashindwa na utumbo?"

Wakampandia. Hawakuwa na hasira hata chembe. Walimsaidia kwa mapenzi, huku wanaimba. Fisi alipiga kelele, na Kasuku akasema hajawahi kumsikia akiimba kwa hisia namna ile. Namna ile! Namna ile! Wakavuta, wakavuta, zikatoka nyuzi sita na nyingine za akiba. Wakazifunga kwenye gitaa, mbichi, zinadondoka. Kisha wakakaa, wakingoja.

Buibui angeondoka wakati huo. Lakini alikuwa mpigaji, na nyuzi zilikuwa mbele yake. Akanyoosha miguu yake minne.

Ting'... ting'iri... ng'waaa.

"Amekufa na bado anapiga!" wakalia. "Mfalme hafi!"

Basi Buibui, kwa mara ya kwanza, akatoka tunduni na kifuko chake mgongoni, akapanda juu ya nyuzi, mchana kweupe, ili wamwone.

"Mdudu!" akapaza Kasuku. "Mdudu! Mdudu kwenye gitaa la marehemu!"

Mama Ngiri akajirusha kwa kichwa. Pwaa! Gitaa likawa vipande. Buibui alikuwa ameshashuka, mbio, miguu minne, kifuko mgongoni. Hakusimama mpaka pembe ya juu kabisa ya dari ya binadamu. Huko wanawe wakatoka, kila mmoja na miguu minane. Akawaambia, "Vuteni nyuzi, wanangu. Pigeni. Lakini pigeni wasisikie."

Na mpaka leo wanapiga. Huko jukwaani Fisi ana kaburi, na kila mavuno watu huliendea wakichechemea.

Sasa mafunzo ya ngano hii, yaandikeni: mwenye kipaji na atafute mkubwa wa kumsimamia. Shabiki mwema hakosi shukrani. Na kesho asubuhi chukueni fagio ndefu, mkaondoe utando ule darini, nyumba ionekane ina watu wastaarabu.

Uzi wangu umekatikia hapa. Anayetaka ngano ndefu zaidi, autoe tumboni mwake.