Vuai na Ile Nzuri Yake

Paukwa.

— Pakawa.

Mnajibu kama mmelazimishwa. Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa na nini?

— Na maji.

Na katikati ya maji?

— Na visiwa.

Na visiwani?

— Na wenye domo.

Msinitazame mimi. Mimi shule niliiacha mapema, walimu wakabaki hawana wa kuwachekesha. Lakini hadithi kama hii hamtaisikia kwa mwingine, hata mzunguke mji mzima. Sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, kaa nyuma.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ya visiwa vitupu. Shamba lako kisiwa hiki, jirani yako kisiwa kile, na mama mkwe, bahati yako, kisiwa cha mwisho kabisa. Wanyama siku hizo walisema, tena kwa adabu kuliko nyinyi.

Desturi ya nchi ile, chombo hakipiti kisiwa kimya kimya. Wa pwani anauliza, habari za safari? Wa chomboni anajibu, nzuri. Kama ana la zaidi, analitia baadaye: nzuri, ila tanga limechanika, nzuri, ila tumefiwa. Hata aliyefiwa anaanza na nzuri. Mnacheka nini? Na nyinyi mko hivyo hivyo.

Basi palikuwa na kijana jina lake Vuai. Mashua yake aliiunda mwenyewe, akaisifu mwenyewe, baraza hadi baraza. Mkewe Mize alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake. Mama yake, Bi Rehani, alikaa kisiwa cha mwisho. Mize akaingia mashuani na kikapu cha nguo za mtoto, miezi imetimia, mkono kiunoni. Majirani wakamshauri Vuai aijaribu kwanza mashua karibu karibu. Akawaambia mashua ile ingemfundisha papa kuogelea.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakapita maji ya kijani kama kanga ambayo haijafuliwa. Wakapita pomboo wakiruka wawili wawili, Mize akacheka mpaka akashika tumbo. Akashusha mguu, akahisi baridi.

"Bwana, maji."

"Hilo jasho la mbao mpya," akasema Vuai.

Kumbe mbao mbili za chini zimeachana.

Wakafika kisiwa cha kwanza. Kaa mkubwa amekaa juu ya rundo la makumbi ya nazi, yale yanayoshindiliwa kwenye nyufa za vyombo. Maji mashuani yamefika vidoleni.

"Habari za safari?"

"Nzuri."

Kaa akangoja. Akatazama mashua, akatazama makumbi yake, akangoja tena. Vuai akaongeza, nzuri sana. Tanga likajaa, wakapita.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Kisiwa cha pili, kasa bibi kizee, mgongo mpana wa kubebea watu. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Habari za safari?"

"Nzuri."

Kasa akauliza tena taratibu, na bahari je? Vuai akasema shwari. Na huyo mama? Akasema mzima kabisa. Mize aliuma ncha ya kanga. Uchungu wa kwanza ulikuwa umempitia.

Walipopita akamuuliza mumewe kwa sauti ndogo kwa nini hasemi. Vuai akajibu kwamba akisema leo mashua inavuja, ataitwa Vuai Mvujaji mpaka afe. Mize akamwambia kwa mwendo huu hataitwa siku nyingi.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Kisiwa cha tatu, popo wakubwa wananing'inia kwenye miti, vichwa chini. Maji magotini. Mkubwa wao akauliza.

"Habari za safari?"

Vuai akafungua kinywa. Mize akasimama, maji yakimtiririka.

"Mbaya," akasema. "Mashua inazama na mtoto anakuja."

 Nchi ile hakuna aliyewahi kuanza na neno hilo. Popo akajigeuza kichwa juu, akidhani amesikia kinyume. Aliposikia mara ya pili ni lile lile, akawaita wenzake. Wakaruka wote, wakalishika tanga kwa kucha, wakaivuta mashua hadi mchangani.

Mize akajifungua pale juu ya majani, popo wakimpepea kwa mabawa. Mtoto wa kike. Bibi yake hakuwepo wa kumpokea. Popo wakamwimbia wao, na popo, jamani, hawana sauti.

Habari zikaruka visiwani. Kaa akaja na makumbi, amebebwa juu ya mgongo wa kasa. Vuai akawawakia, kwamba waliona maji yanaingia wakanyamaza.

"Tuliona," akasema kaa. "Lakini wewe umesema nzuri. Ningesema inavuja, ningekuwa nimekuita mwongo mbele ya mkeo."

 Vuai akachukua makumbi, akapiga magoti, akaanza kushindilia.

Mize alipopata nguvu wakaondoka. Kisiwa cha mwisho Bi Rehani alikuwa mlangoni. Chumba alikuwa amekifagia, kitanda amekitandika, maji ya kumkanda mzazi anayachemsha kila asubuhi na kuyamwaga kila jioni. Akamwona Vuai ana mtoto mikononi.

"Habari za safari?"

Vuai akamtazama Mize. Mize akatazama pembeni.

"Mbaya, mama," akasema Vuai. "Maji yaliingia tangu mwanzo, nikaficha. Mjukuu wako kazaliwa njiani, nawe hukuwepo."

 Bi Rehani akapokea mtoto, akasogea mkekani, akampisha mkwewe nafasi.

"Haya, keti," akasema. "Anza mwanzo."

Funzo lake ni hili: anayekuuliza hali huenda amekuja na cha kukusaidia, na wewe ndiye uliyemfungia mlango kwa adabu yako.

Hadithi imegusa mchanga. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwake. Asiyeipenda ashuke hapa hapa, aogelee.