Jina la Kwanza Katika Daftari la Mabandani

Kaeni vizuri, na nyie wa nyuma acheni kusukumana. Kuna wakati shule hii ya Mabandani haikuwaita watoto kwa majina. Darasa moja lilikuwa na watoto hamsini na daftari la mahudhurio lenye namba tu. Mwalimu akisema "Kumi na mbili," wa kumi na mbili anajibu "Nipo," basi, mambo yanakwenda. Hakuna aliyeona ubaya. Na haya majengo, jamani, ndimo mkoloni alimowalaza manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, nao waliitwa kwa namba walizovalishwa shingoni.

Siku hizo aliishi hapa kijijini Bibi Mkunde, mjane mwenye heshima zake. Marehemu baba yake, mzee Semkiwa, aliwahi kuwa nyapara wa shamba, lakini watu walimkumbuka zaidi kwa kutoa kiwanja cha msikiti. Harusi haikuanza mpaka Bibi Mkunde afike. Alimlea mjukuu wake Hidaya, wa darasa la tano, na kama kuna kitu alikipenda kuliko jina la baba yake, ni huyo mtoto.

Ndipo akaja Mwalimu Mhando, kijana mwenye bidii mpaka inakera. Akasema historia haimo vitabuni tu. Kila mtoto akamwulize mzee wa kwao hadithi za enzi za mkoloni, hata za mizimu, azilete darasani. Hidaya alipomwuliza bibi yake, alifokewa: "Uzushi mtupu! Nenda kachote maji!" Lakini wenzake walileta, na karibu wote walileta hadithi ileile. Kibarua namba arobaini na moja alipigwa na nyapara wakati wa kuitwa asubuhi, akafa, akafukiwa katikati ya mkonge. Nyapara yupi, hakuna aliyejua, kwa kuwa walikuwepo sita. Tangu hapo, saa sita mchana, marehemu huzunguka akitafuta mtu wa kuitikia namba yake, na atakayeitikia ataondoka naye.

Mwalimu alifurahi, akawasifu. Kesho yake akafungua daftari kama kawaida, bila kufikiri, akaita mpaka akafika. "Arobaini na moja."

"Nipo," akajibu Hidaya.

Darasa zima likageuka kumtazama. Wiki haijaisha, dawati lake lilikuwa limebaki peke yake pembeni. Mtoto mmoja akashikwa na malaria, mwingine akavunjika mkono, na yote yakaangushiwa Hidaya. Wazazi wakamvamia mwalimu: tangu lini mizimu ikafundishwa shuleni? Hidaya akaacha kula. Kila saa sita mchana rimu la trekta, ndiyo kengele yetu ya shule, lilipogongwa, aliziba masikio.

Bibi Mkunde aliona yote hayo, na yeye alimjua nyapara huyo. Siku ile yeye alikuwa na miaka minane, amembebea baba yake uji, na aliona kwa macho yake. Akisema, mzee Semkiwa atakuwa muuaji machoni pa kijiji kizima. Asiposema, mtoto anamfia mikononi. Kila jioni alifungua mdomo aseme, na kila jioni akasema tu, "Kula, mama, kula hata kidogo."

Ijumaa, rimu lilipogongwa saa sita, Hidaya hakuwepo. Rafiki yake mmoja akasema huku analia, "Amesema anakwenda mwenyewe, ili sisi tuachwe." Lo! Kijiji kikapasuka. Wanaume wakakimbilia mtoni, wengine kwenye kiwanda cha zamani, kila mtu anaita. Bibi Mkunde alisimama hapo nje kwenye uwanja wa shule. Yeye alijua alikokwenda. Maisha yote ya Hidaya alimkataza kupita kwenye mstari mmoja wa mkonge, kule chini ya mfereji, wala hakumwambia kwa nini. Mtoto si mjinga, alikuwa ameshajumlisha kuwa marehemu kafukiwa huko. Lakini atakayekwenda huko moja kwa moja ataulizwa amepajuaje.

Akaenda. Miiba ilimchana kanga na miguu, hakusimama. Alimkuta Hidaya amekaa chini, macho ameyafumba, midomo imekauka, anarudia, "Nipo. Nipo. Nipo." Bibi akamkumbatia kwa nguvu, na mtoto hakunyamaza.

Watu waliomwona akienda walimfuata pamoja na darasa zima, Mwalimu Mhando mbele, daftari bado liko kwapani. "Bibi, umepajuaje hapa?" akauliza.

Angeweza kusema amebahatisha, na wangemwamini. Alimtazama mjukuu wake, midomo ile bado inacheza, akaona hana tena pa kujificha.

"Huyu aliyelala hapa si namba," akasema. "Anaitwa Mihayo wa Kasanda, mtu wa Tabora. Alinisokotea kamba ya kuruka, ndipo nikamwuliza jina. Siku aliyopigwa alikuwa na homa, akashindwa kusimama. Aliyempiga mpaka akafa ni baba yangu. Niliona, nikanyamaza mpaka leo."

Mzee mmoja akatema mate chini. "Miaka yote hii tunakuamkia shikamoo, Mkunde!" Hidaya ndiye aliyefumbua macho, akamtazama bibi yake.

"Bibi, ulijua? Mbona uliniacha nikae peke yangu?"

Bibi Mkunde alilia pale mbele za watu. Mwalimu Mhando akafungua daftari, akakata namba zote kwa wino, akaandika jina hilo juu kabisa. Akaita, "Mihayo wa Kasanda?"

Watu wazima waliinamisha vichwa, wengine wakarudi nyuma hatua moja. Ndipo Hidaya akasema, kwa sauti iliyokauka, "Yupo." Mtoto aliyekuwa karibu naye akaitikia, "Yupo," na wengine wakafuata mpaka darasa zima.

Na tangu siku hiyo, Mabandani mtoto haitwi kwa namba, na jina la Mihayo huitwa kabla ya majina yote. Bibi Mkunde hakungojwa tena kwenye harusi, na wapo ambao hawakukanyaga kwake mpaka alipozikwa. Lakini kila Januari alikuja kusimama mbele ya darasa la tano akasimulia kwa mdomo wake mwenyewe, maana ilikubaliwa kwamba hadithi hii isifundishwe na mwingine ila mtu wa nyumba ya Semkiwa. Miguu ilipomwishia nguvu, zamu ikamwangukia Hidaya, ndiye mimi huyu mwenye mvi mnayemwona hapa ubaoni.

Haya, simameni, mwalimu wenu anafungua daftari. Na itikieni kwa sauti, kwa sababu mtu huyo alikaa muda mrefu mno bila kuitikiwa.