Mawe ya Kilima cha Mzee Mwadime

Wakesho alipenda kuokota mawe magumu, ya kilimani na ya mtoni. Mzee Mwadime, mwenye kilima, akamfuata nyumbani.

"Mawe ya kilima changu nayataka yote."

"Sawa, Mzee. Yamo kwenye pipa, yanaoshwa pamoja na ya mtoni. Yako nitayajuaje?"

"Wewe mama, yangu yana ganda la kahawia na kona kali. Hata mbuzi wangu wanayajua."

"Basi pipa nikilifungua, njoo na majirani uchukue kila lenye ganda na kona."

Pipa lilizungushwa mwezi mzima, maji na mchanga vikisugua. Lilipofunguliwa yalitoka mawe laini kama mayai, mekundu na ya kijani. Mzee aliyageuza yote mbele ya majirani.

"Yangu yako wapi?"

Wakesho akamjazia ndoo tope la kahawia lililobaki pipani.

"Ganda na kona, Mzee. Ndoo utanirudishia."